Mfupa Hula Kilichovuka Utumbo

Kuna madai mawili ambayo siku hizi hayaachani, kwenye simu zetu na hata mbele ya kaunta ya duka la dawa. La kwanza linasema matabibu wa Ayurveda wa India walijua tangu kale kwamba udhaifu wa mifupa huanzia tumboni. La pili linasema sayansi ya leo imekuja kuwathibitisha, kwa hiyo unga wao wa mifupa ununuliwe bila wasiwasi. La kwanza nalikubali, kwa kiasi. La pili silikubali hata kidogo. Matabibu wale waliuliza swali sahihi, lakini usahihi wa swali hauhalalishi kila jibu lililofuata. Na wanaouza makopo ya bakteria “wa mifupa” wana kosa lilelile kwa upande wa maabara: wamechukua matokeo ya panya wakayabandika lebo ya binadamu. Uhusiano wa utumbo na mfupa wenye ushahidi mzito ni ule usio na mvuto wa kibiashara. Kalsiamu unayoimeza siyo kalsiamu unayoipata; katikati yake kuna utumbo, na utumbo una masharti.

Tuwasikilize kwanza wenyewe. Vitabu vitatu vikuu vya Ayurveda ni Charaka Samhita, Sushruta Samhita na Ashtanga Hridaya ya Vagbhata. Kwa mafundisho ya vitabu hivyo, mwili umejengwa kwa tishu saba zinazolishana kwa zamu: kwanza majimaji ya chakula kilichomeng'enywa, kisha damu, nyama, mafuta, mfupa, uboho, na mwisho mbegu ya uzazi. Kila tishu hupokea kutoka kwa iliyotangulia, huchukua kinachoifaa, hupitisha kilichobaki. Mfupa uko nafasi ya tano. Moto wa mmeng'enyo, unaoitwa agni, ukififia, chakula hubaki nusu mbichi na kuwa uchafu uitwao ama, na tishu zote za mbele zinapata mgawo mbovu. Juu ya hayo zipo nguvu tatu zinazotawala mwili: vata, pitta na kapha. Vata ni kavu, nyepesi, haitulii, na makao yake makuu ni utumbo mpana. Vagbhata anaiweka vata pia ndani ya mfupa, kisha anaongeza kanuni ya pekee: tishu nyingine huongezeka na kupungua sambamba na nguvu iliyomo ndani yake, ila mfupa na vata huenda kinyume. Vata ikipanda, mfupa unapungua. Dalhana, mfafanuzi wa Sushruta wa karne ya 12, alikwenda mbali zaidi akasema utando unaoshika kinyesi ndio huohuo unaoshika mfupa. Kwa mtazamo huohuo Charaka, akifikia magonjwa ya mfupa, anaagiza maziwa na samli vilivyoandaliwa na mitishamba michungu, tena viingizwe kwa njia ya haja kubwa. Anatibu mfupa kwa kupitia utumbo mpana.

Kwa watu wasiokuwa na hadubini wala mizani ya maabara, huu ni uangalifu wa hali ya juu. Nadhani walichokiona ni kile anachokiona kila anayehudumia wazee: hamu ya chakula inapungua, choo kinakuwa kigumu, mwili unakauka, meno yanalegea, na siku mtu akijikwaa mlangoni nyonga inavunjika. Waliyaunganisha. Lakini hawakujua kalsiamu, hawakujua homoni, na vitamini D haikupata jina hilo mpaka miaka ya 1920. Mnyororo wao wa tishu saba nao hausimami. Wapo wanaonikumbusha kwamba seli za mafuta na seli zinazojenga mfupa hutokana na seli mama zilezile ndani ya uboho, wakidhani hiyo ni mafuta kulisha mfupa kama vitabu vinavyosema. Chanzo ni kimoja kweli, ila seli ikishika njia ya mafuta inaiacha njia ya mfupa. Uboho wa wazee unaojaa mafuta huambatana na mfupa uliopungua, kinyume kabisa cha matarajio ya mnyororo ule.

Sasa utaratibu wenyewe kama tunavyoujua leo. Mtu mzima ana takriban kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 iko kwenye mifupa na meno. Hiyo asilimia 1 iliyobaki ndiyo inayowezesha moyo kupiga, misuli kukaza na neva kupeleka habari, na mwili hauruhusu kiwango chake kwenye damu kiyumbe. Nyuma ya tezi ya thairoidi, shingoni, kuna tezi nne, kila moja kama punje ya mchele, na kazi yake ni kupima kalsiamu ya damu saa zote. Kalsiamu ikishuka, tezi hizo zinatoa homoni yenye amri mbili: figo zisipoteze kalsiamu kwenye mkojo na ziiamshe vitamini D ili utumbo uchukue zaidi, na mfupa uachie akiba yake. Utumbo ukishindwa kuitikia, amri ya pili ndiyo inayoendelea kutekelezwa, mwezi baada ya mwezi, bila maumivu na bila dalili. Hapo ndipo ubovu wa utumbo unapogeuka ubovu wa mfupa. Hakuna “nishati” inayosafiri. Kuna madini ambayo hayakuvuka.

Uvukaji huo hufanyika kwa ufanisi zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, mara baada ya chakula kutoka tumboni, na huko unahitaji vitamini D ili seli zitengeneze protini za kuibeba kalsiamu. Mwenye vitamini D ya kutosha huchukua kama theluthi ya kalsiamu ya chakula chake. Asiyekuwa nayo hushuka hadi asilimia 10 au 15. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kula sahani moja, mmoja akajenga mfupa na mwingine akaubomoa. Na jua pekee si dhamana. Upungufu wa vitamini D umeenea India kwenyewe, na vilevile Oman na nchi nyingine za Ghuba ambako jua haliombwi, kwa sababu ngozi haioni jua hilo: watu wako ndani, au mwili wote umefunikwa.

Ukitaka kuona utumbo ukitiwa hatiani bila shaka yoyote, tazama ugonjwa wa seliaki. Mwenye ugonjwa huu akila ngano, kinga yake ya mwili hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, na vile vijidole vidogo vinavyofyonza chakula husagika na kuwa bapa. Kaskazini mwa India, ambako chapati za ngano ni chakula cha kila siku, uchunguzi wa jamii ya eneo la Delhi ulikuta takriban mtu 1 katika 100 anao. Wengi hawaharishi. Wanakuja na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma, au na mfupa uliovunjika kwa kishindo kidogo. Ngano ikiondolewa kwenye sahani, vijidole huota tena, na ujazo wa mfupa hupanda ingawa hakuna dawa ya mfupa iliyotolewa. Hapa Charaka angetabasamu: umetibu utumbo, mfupa umepona. Ila kilichotibu ni kuitambua ngano, na dalili za moto wa mmeng'enyo zisingeweza kukuonyesha hilo. Kinachoonyesha ni kipimo cha damu na kipande cha utumbo chini ya hadubini. Ugonjwa wa Crohn, ambao nao huvimbisha utumbo, kukatwa tumbo, na upasuaji wa kupunguza unene unaoruka sehemu ya mwanzo ya utumbo huacha alama ileile kwenye mifupa.

Huku kwetu seliaki si tatizo kubwa. Tatizo letu nitalionyesha kwa mfuko wa mama mmoja wa miaka sitini na kitu, aliyeumwaga juu ya kaunta yangu ya dawa. Kulikuwa na kopo la kalsiamu kaboneti aliloletewa na binti yake anayeishi ughaibuni, karatasi mbili za omeprazoli, moja imebaki vidonge viwili, na kifuko cha nailoni chenye unga wa kahawia, hakina jina la mtengenezaji wala tarehe, alichouziwa kama dawa ya Kihindi ya mifupa. “Mwanangu,” aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, “mwaka wa pili huu nakunywa dawa za mifupa, mbona magoti yako palepale?” Nikamuuliza omeprazoli alianza lini. Akacheka. “Hizo za kiungulia? Tangu vidonda vya tumbo. Nani anahesabu?” Vyote alikuwa akivimeza kwa pamoja, alfajiri, kabla ya kula, ili asisahau.

Kalsiamu kaboneti ni chokaa, na chokaa inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Omeprazoli kazi yake ni kuizima asidi hiyo. Kuvimeza pamoja tumbo likiwa tupu ni kununua dawa mbili ili moja iizuie nyingine. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba watumiaji wa kundi hili la dawa, hasa kwa dozi kubwa au kwa zaidi ya mwaka, wanaonekana kuvunjika nyonga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo zaidi ya wengine. Tafiti zilizotajwa zilikuwa za kufuatilia watu, na wanaokunywa omeprazoli miaka mingi mara nyingi ni wazee wenye maradhi mengine, kwa hiyo siwezi kusema dawa hii inavunja mifupa. Nasema hivi: matibabu ya bakteria wa vidonda vya tumbo kwa kawaida hayazidi wiki mbili, lakini omeprazoli ya watu wengi haina mwisho, kwa sababu inauzwa kama pipi. Wapo wanaoihitaji kwa muda mrefu kweli, mathalani anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo na aliwahi kutokwa damu tumboni. Huyo asithubutu kuiacha kwa kusoma gazeti. Wengine wamuulize daktari sababu ya kuendelea, na wakiacha wapunguze polepole, maana ikikatwa ghafla asidi hurudi kwa fujo na mtu hudhani ugonjwa umerejea. Aliye na lazima ya kuendelea abadilishe kaboneti atumie kalsiamu sitreti, ambayo haitegemei asidi.

Kuhusu magoti yake: maumivu ya magoti si ugonjwa wa mifupa kupungua. Magoti ya umri ule huuma kwa sababu gegedu imelika. Mfupa uliopungua hauumi mpaka uvunjike. Tunapochanganya haya mawili, mwenye magoti mabovu anakunywa kalsiamu isiyomhusu, na mwenye mfupa mwepesi, asiyeumwa popote, hatafuti huduma kabisa.

Sasa tuwageukie bakteria, maana huku ndiko matumaini yanakopewa bei. Mwaka 2012 watafiti wa Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Klara Sjögren na Claes Ohlsson, walichapisha kazi juu ya panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja tumboni. Ungetegemea mifupa yao iwe dhaifu. Ilikuwa na ujazo mkubwa zaidi kuliko ya panya wa kawaida, na walipopandikiziwa bakteria, ujazo ukashuka. Miaka minne baadaye watafiti wengine wakaonyesha kwamba baada ya muda mrefu bakteria huchochea homoni ya ukuaji wa mfupa. Mwaka huohuo wa 2016, kundi la Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani likaonyesha kwamba panya wasio na bakteria, wakiondolewa homoni za kike, hawapotezi mfupa kama wenzao, na kwamba panya wa kawaida waliopewa bakteria fulani rafiki walilindwa. Maelezo yao yanaeleweka: homoni za kike zikikatika, ukuta wa utumbo hulegea, vipande vya bakteria vinapenya, kinga ya mwili inatoa kemikali za uvimbe, na kemikali hizo huziamsha seli zinazokula mfupa. Ni sayansi safi, na inavutia. Lakini ukiitazama yote pamoja, utaona kwamba “bakteria wazuri hujenga mifupa” ni muhtasari mbovu. Inategemea umri, homoni, aina ya bakteria na muda.

Kwa binadamu mambo yamekuwa magumu zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Gothenburg waliwapa wanawake 90 wa miaka 75 hadi 80 wenye mifupa miepesi ama bakteria aina ya Lactobacillus reuteri ama unga mtupu, kwa mwaka mzima. Waliopewa bakteria walipoteza asilimia 0.83 ya ujazo wa mfupa wa muundi. Wenzao walipoteza 1.85. Habari hii ilisambaa dunia nzima, na bado naitumiwa. Kisha yakaja majaribio makubwa zaidi ya bakteria huyohuyo: wanawake 239 waliokoma hedhi karibuni, miaka miwili, dozi mbili tofauti. Matokeo yalichapishwa 2024. Hapakuwa na tofauti yoyote kati ya bakteria na unga mtupu. Hii sijawahi kuitumiwa na mtu. Aina nyingine za bakteria zimeonyesha faida ndogo kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo mlango haujafungwa, ila kwa leo sina ujasiri wa kumshauri mtu alipe hela ya mwezi kwa kopo la namna hiyo.

Kwa watoto nako, utumbo mchafu unaotajwa kudumaza mifupa haujasafishika kirahisi. Utafiti mkubwa uliohusisha wajawazito zaidi ya 8,000 wa Kakamega, Bungoma na Vihiga nchini Kenya ulipima kama maji salama, vyoo na kunawa mikono vingeongeza kimo cha watoto wao. Havikuongeza. Kimo kiliongezeka kidogo pale tu lishe ilipoongezwa. Na kwa watoto wa Nigeria wenye matege, utafiti wa 1999 ulikuta kalsiamu inawaponya vizuri kuliko vitamini D peke yake: walikuwa na jua, walikosa chakula chenye kalsiamu.

Turudi kwenye kile kifuko cha unga wa kahawia, kwa sababu hapa ndipo nina hasira. Mwaka 2004 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani eneo la Boston: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 zilipimwa bidhaa 193 zilizouzwa kwa mtandao, na takriban 1 katika kila 5 ilikuwa nazo. Nyingine hazikuchafuka kwa bahati mbaya. Lipo tawi la Ayurveda linalotia metali kwenye dawa kwa makusudi, likiamini kwamba kuzichoma na kuzisafisha huzifanya zifae. Risasi sasa. Mwili huipokea kama kalsiamu, na kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini hukaa kwenye mifupa, kwa miaka mingi. Hutoka pale mfupa unapovunjwa kutoa kalsiamu: wakati wa ujauzito, wa kunyonyesha, na baada ya kukoma hedhi. Mwaka 2011 na 2012 idara ya afya ya jiji la New York iliripoti wajawazito 6 wenye sumu ya risasi iliyohusishwa na dawa za Ayurveda. Ongeza hapo unga wa maumivu ya viungo uliokutwa katika nchi mbalimbali umechanganywa na steroidi kwa siri. Mgonjwa anapata nafuu siku ya tatu na kumsifu muuzaji, wakati steroidi inapunguza kalsiamu inayovuka utumbo na kuziua seli zinazojenga mfupa. Unga usio na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala usajili, mwenye nao autupe.

Kilicho bora katika Ayurveda, kwa maoni yangu, kiko jikoni: chakula kilichopikwa, kwa saa zake, na maziwa yaliyoganda kidogo baada ya mlo. Mtindi una laktosi pungufu, kwa hiyo hata ambaye maziwa freshi humsokota tumbo mara nyingi huuvumilia, na glasi moja ina karibu miligramu 300 za kalsiamu kati ya 1,000 zinazohitajika kwa siku. Ulezi, wimbi kwa Wakenya na ragi kwa Wahindi, ulitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki ukafika India maelfu ya miaka iliyopita; gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300. Lakini una fitati inayoishika kalsiamu isivuke. Kuotesha kimea na kuchachusha, kama wanavyofanya watengenezaji wa togwa, hupunguza fitati hiyo. Mchicha nao unadanganya kwenye majedwali ya lishe: kalsiamu imo tele, lakini oksaleti huikamata, na sehemu kubwa huishia chooni. Sukuma wiki haina shida hiyo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao hawana mpinzani kwa bei yao.

Anayetumia vidonge vya kalsiamu asizidishe miligramu 500 kwa mara moja, maana utumbo haubebi zaidi ya hapo kwa ufanisi. Ameze kaboneti pamoja na chakula, na aiweke mbali kwa saa kadhaa na vidonge vya chuma, dawa za thairoidi na doksisaiklini. Anayeharisha kwa wiki nyingi, anayekonda bila sababu, au ambaye damu haiongezeki licha ya vidonge, apimwe utumbo kabla ya kuuziwa chochote cha mifupa. Na mjamzito aliyekuwa akitumia unga wa aina ile amwambie mkunga au daktari wake, aombe kupimwa risasi kwenye damu. Kama fedha ya mwezi huu inatosha ama kopo la bakteria ama dagaa na mtindi, nunua dagaa na mtindi.